Mhandisi wa Ngomeni Aliyerudi Darasani

Swali ambalo vijana wetu wahandisi wa pwani hii huniuliza mara kwa mara ni hili: je, mtu aliyekwisha kuajiriwa arudi chuoni kusomea shahada ya uzamili, au aishike kazi yake na kuyaweka masomo kando mpaka mambo yatakapomnyookea? Muulizaji aghalabu ni mwanafunzi wangu wa zamani. Amehitimu uhandisi, amepata kazi katika kiwanda cha chumvi upande wa Gongoni, au katika ugavi wa maji, au katika ujenzi wa barabara, na sasa ana miaka mitatu au minne kazini. Mkopo wa masomo aliopewa na serikali bado anaulipa. Wadogo zake wawili wako shule ya upili, na karo yao inamtazama yeye. Mama yake anamtaka aoe. Katikati ya hayo yote anakuja kwangu na kuniambia, Mwalimu, nataka kurudi kusoma, nifanyeje?

Wazee wetu walikwisha kutoa jibu lao zamani. Walituambia kwamba mshika mbili moja humponyoka, na methali hiyo imewafanya vijana wengi wakae kitako. Mimi siidharau methali. Hata hivyo naona kwamba tunaitaja upesi mno mbele ya watoto wetu, tena bila ya kutazama ni vitu gani viwili hivyo anavyotaka kuvishika mtu. Kwa hiyo leo ningependa nimsimulie msomaji maisha ya mtu mmoja ambaye jina lake limeandikwa hapa hapa kwetu Ngomeni, kiasi cha kilomita 30 kaskazini ya mji wa Malindi, na ambaye alishika mbili tangu ujana wake hadi uzeeni. Mtu huyo ni marehemu Profesa Luigi Broglio.

Watu wa Malindi wanaijua zaidi San Marco kuliko wanavyomjua Broglio. Yapo hata mazungumzo ya barazani ambamo San Marco hutajwa kana kwamba ndiye mzungu mwenye kituo. San Marco ni Mtakatifu Marko, msimamizi wa mji wa Venice nchini Italia, na Broglio alizaliwa Mestre, sehemu ya bara ya mji huo, tarehe 11 Novemba 1911. Angali mtoto, jamaa zake walihamia Roma, na huko ndiko alikosomea. Mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 22, alipata shahada ya uhandisi wa ujenzi katika Chuo Kikuu cha Roma.

Hapa ndipo mwanafunzi anapopaswa kutulia kidogo. Shahada ya ujenzi ilikuwa na soko. Italia ya wakati huo ilikuwa ikijenga barabara, madaraja na majumba ya serikali, na kijana mwenye cheti kama kile angeweza kutafuta kazi ya kawaida na kuishi kwa raha zake. Badala yake Broglio aliingia jeshini, na baadaye akapita katika mtihani wa ushindani wa kujiunga na kikosi cha wahandisi wa Jeshi la Anga. Akawa na mshahara, cheo na sare. Ndipo akarudi darasani kusomea uhandisi wa ndege.

Shule aliyoisomea ilikuwa na historia yake, nayo inafaa kuelezwa. Mwaka 1926 Gaetano Arturo Crocco, aliyekuwa jenerali wa wahandisi wa Jeshi la Anga na papo hapo profesa, alianzisha katika chuo hicho cha Roma shule ya uhandisi wa ndege. Shule hiyo haikuwakusudia watoto waliotoka sekondari. Iliwapokea wahandisi waliokwisha hitimu, wengi wao wakiwa maofisa wenye kazi zao, ikawafundisha elimu ya ndege juu ya ile waliyokuwa nayo. Kwa maneno mengine, ilikuwa shule ya watu walioajiriwa. Jeshi lilihitaji wahandisi wa ndege. Shule ilihitaji maswali ya kweli ya kufanyia utafiti. Na bwana mmoja, Crocco, alikuwa na mguu mmoja huku na mwingine kule. Broglio aliingia katika mfereji uliokwisha kuchimbwa.

Nalisema hili mapema kwa sababu sipendi hadithi za mashujaa zinazosimuliwa kana kwamba mtu alipanda mlima peke yake kwa nguvu za roho yake. Kijana wa Gongoni hana mfereji wa namna hiyo. Akitoka kazini saa kumi na moja jioni, darasa la karibu ambalo pengine lingemfaa liko Mombasa, na kutoka Malindi mjini hadi Mombasa ni kiasi cha kilomita 120, mbali ya zile za kutoka Gongoni hadi Malindi. Akifika Mtwapa atakutana na foleni ya magari. Kama kituo chake cha kazi kingekuwa Roma ya mwaka 1937, na mkubwa wake wa kazi ndiye mwalimu wake, basi tungekuwa na haki ya kumlaumu kwa uvivu.

Turudi kwa Broglio. Kwa kazi yake alihusika na kituo cha utafiti cha Guidonia, karibu na Roma, kilichokuwa na mahandaki makubwa ya upepo ya kupimia jinsi hewa inavyoisukuma na kuizuia ndege. Huko alipata tabia ambayo haikumtoka tena: tabia ya kwenda chuoni na swali alilolitoa kazini, na kurudi kazini na jibu alilolipata chuoni. Vita vya Pili vya Dunia vilikuja vikaivunja Italia na kuuvunja utafiti wake wa ndege. Baada ya vita alikuwa mwalimu wa chuo, na bado mwanajeshi. Mwaka 1952 alishika nafasi ya Crocco mwenyewe, akawa mkuu wa shule ile aliyoisomea. Hakuuvua ujoho wa jeshi alipovaa wa profesa. Alipanda hadi cheo cha jenerali huku akiendelea kufundisha.

Katika mwaka 1956 alianzisha Kituo cha Utafiti wa Anga chini ya Chuo Kikuu cha Roma, kwa msaada wa Jeshi la Anga. Mwaka mmoja baadaye Urusi ilirusha Sputnik, na dunia nzima ikaanza kutazama juu. Broglio hakuwa na roketi ya kupeleka chombo angani, wala nchi yake haikuwa na fedha za kuiunda. Alianza na kidogo: mwezi Januari 1961 wahandisi wake walirusha roketi ndogo za uchunguzi kutoka kisiwa cha Sardinia, roketi zilizomwaga mawingu ya sodiamu juu kabisa ili mwendo wa pepo za huko uonekane. Mwaka huo huo alipeleka mpango wake kwa Waziri Mkuu Amintore Fanfani, akishirikiana na mwanafizikia Edoardo Amaldi. Mpango wenyewe ulikuwa wa ajabu kidogo: Italia iunde setilaiti yake, Marekani itoe roketi, na roketi irushwe kutoka majukwaa yaliyosimamishwa baharini karibu na ikweta. Mwaka 1962 Italia na Marekani zilikubaliana.

Kwa nini ikweta, na kwa nini Ngomeni? Walimu wa fizikia wanisaidie kuwafahamisha wanafunzi wao, kwa maana hapa pana somo zuri kuliko mifano mingi iliyomo vitabuni. Dunia inajizungusha, na mtu aliyesimama kwenye ikweta anabebwa kuelekea mashariki kwa mwendo wa takriban kilomita 1,670 kwa saa bila ya kuhisi lolote. Roketi inayorushwa kuelekea mashariki kutoka hapo hupewa mwendo huo bure. Zaidi ya hayo, anayetaka setilaiti yake izunguke juu ya ikweta, naye akairusha kutoka Wallops huko Virginia, kwenye digrii 38 hivi kaskazini, atalazimika kuigeuza njia yake angani, na mgeuko huo hula nguvu nyingi mno. Ngomeni iko chini ya digrii tatu kusini ya ikweta. Mashariki yake ni Bahari ya Hindi tupu, kwa hiyo vipande vya roketi vikianguka havimwangukii mtu. Na maji ya Ghuba ya Ungwana si ya kina kirefu, hivyo majukwaa yenye miguu ya chuma yaliweza kusimama chini kwenye sakafu ya bahari.

Jukwaa la kwanza, Santa Rita, lilitokana na mitambo ya kuchimbia mafuta baharini. La pili, San Marco lenyewe, lilitolewa na Wamarekani likageuzwa kuwa uwanja wa kurushia roketi. Kati ya majukwaa hayo mawili zilipitishwa nyaya chini ya maji, ili wanaoamuru wakae mbali na moto. Mwezi Machi 1964, miezi mitatu tu baada ya bendera ya Kenya huru kupandishwa, roketi ndogo za kwanza zilipaa kutoka Santa Rita mbele ya macho ya wavuvi wa Ngomeni.

Setilaiti ya kwanza, San Marco 1, ilirushwa tarehe 15 Desemba 1964 kutoka Wallops. Roketi ilikuwa ya Kimarekani aina ya Scout, lakini walioirusha walikuwa Waitaliano waliofunzwa na Broglio. Ilikuwa tufe lenye upana wa sentimita 66 na uzito wa kilo mia moja na zaidi kidogo. Ndani yake mlikuwa na chombo alichokibuni Broglio mwenyewe, nacho huitwa mizani ya Broglio. Naomba nikieleze, kwa kuwa ndicho kinachonionyesha faida ya masomo yake kuliko cheo chochote alichopewa.

Juu kabisa, mamia ya kilomita kutoka ardhini, hewa ni haba mno, lakini haijaisha. Hewa hiyo haba huipunguzia setilaiti mwendo kidogo kidogo mpaka ianguke. Ni haba kiasi gani? Wengine walijaribu kukisia kwa kutazama jinsi setilaiti inavyoshuka kwa siku na majuma. Broglio alitaka kuipima pale pale inapogusa. Aliitenganisha setilaiti sehemu mbili: gamba jepesi la nje, na mwili mzito wa ndani, akaviunganisha kwa viungo vyenye kunyumbuka. Hewa ikilisukuma gamba, gamba husogea kidogo sana kuliko mwili, na kusogea huko hupimwa. Mwanafunzi wa uhandisi wa ujenzi ataitambua fikra hii mara moja, kwani ni elimu ya jengo linalopinda chini ya mzigo. Ujuzi wa shahada ya kwanza na ule wa shahada ya pili vilikutana katika tufe moja. Kama angeitupa elimu ya kwanza alipoipata ya pili, sijui kama mizani ile ingezaliwa.

Tarehe 26 Aprili 1967 San Marco 2 ilirushwa kutoka bahari yetu, na ikafanikiwa. Broglio alikuwa na umri wa miaka 55. Kati ya mwaka huo na 1988 roketi tisa za Scout ziliruka kutoka Ngomeni zikiwa na setilaiti, nyingine za Italia, nyingine za Marekani na moja ya Uingereza. Iliyo maarufu kupita zote ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipokuwa ikitimiza miaka saba ya kujitawala. Kwa heshima ya siku hiyo ilipewa jina la Kiswahili, Uhuru. Msimamizi wa mradi huo upande wa Marekani alikuwa Bi Marjorie Townsend, mwanamke wa kwanza kupata shahada ya uhandisi katika Chuo Kikuu cha George Washington. Uhuru ilikuwa setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksrei itokayo kwenye nyota, na orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339 vya miale hiyo. Riccardo Giacconi, aliyeongoza sayansi yake, alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002. Nimewahi kuwauliza wanafunzi wa darasa zima ni setilaiti gani mashuhuri yenye jina la Kiswahili iliyorushwa kutoka kaunti yao. Kimya kilikuwa kikubwa.

Kimya hicho ndicho kinachonikereketa. Kwa zaidi ya miaka ishirini roketi zilipaa juu ya vichwa vya watoto wa Ngomeni, na wengi wa watu wetu walioingia katika kituo kile waliingia kama walinzi, wapishi, manahodha wa mashua na mafundi wa mkono. Kazi hizo ni za heshima na zimelisha nyumba nyingi. Lakini mhandisi wa Kipwani aliyekaa mbele ya mitambo alikuwa nadra. Malalamiko kuhusu faida ambayo Kenya na wenyeji wanaipata kutokana na kituo hicho yamesikika kwa miaka mingi, hata bungeni. Sina haja ya kuyarudia hapa. Ninachokiona mimi kama mwalimu ni kwamba mfereji ule wa Roma, uliounganisha kazi na darasa, haukuchimbwa huku. Broglio alikuja na wanafunzi wake wa chuo, nao wakajifunza kazi Ngomeni. Kwetu hakuna chuo kikuu kilichokuwa karibu cha kupeleka wake. Chuo Kikuu cha Pwani mjini Kilifi kilipata hati yake mwaka 2013, miaka 25 baada ya roketi ya mwisho.

Roketi hiyo ya mwisho ilipaa tarehe 25 Machi 1988. Mwaka huo huo Italia iliunda shirika lake la taifa la anga. Broglio, mzee wa miaka 76, alikuwa na mpango wa kuikuza Scout iwe roketi yenye nguvu zaidi, ili majukwaa ya Ngomeni yaendelee kutumika. Shirika jipya halikuutaka mpango huo. Mabishano yalikuwa marefu na machungu, naye akashindwa. Wapo wanaosema kwamba aliing'ang'ania roketi iliyopitwa na wakati. Na wapo wanaosema kwamba nchi yake ilitupa kitu ambacho ilikuwa nacho mkononi. Naelekea upande wa hawa wa pili, ingawa nakiri kwamba mkaa Malindi si hakimu asiye na upendeleo katika shauri hili. Alifariki dunia tarehe 14 Januari 2001, akiwa na umri wa miaka 89. Mwaka 2004 kituo kilipewa jina lake.

Sasa, kijana wangu wa Gongoni afanye nini? Kwanza, ajue kwamba shahada ya uzamili si sharti la kuwa mhandisi kamili nchini Kenya. Chini ya Sheria ya Wahandisi ya mwaka 2011, mwenye shahada ya kwanza iliyotambuliwa husajiliwa, hupata uzoefu wa kazi usiopungua miaka mitatu, hupimwa, na kisha huandikishwa kuwa mhandisi mtaalamu. Ikiwa bado hajaikamilisha njia hiyo, na anataka kukopa fedha ili apate cheti cha pili apandishwe daraja, mimi namshauri asubiri. Asiwaondoe wadogo zake shuleni kwa ajili ya herufi za kuongeza nyuma ya jina. Nimeona vijana watatu waliofanya hivyo, na vyeti vyao viko ndani ya bahasha.

Lakini kama kazini kwake kuna swali linalomnyima usingizi, shauri langu linageuka. Tuseme yumo katika chumvi: maji ya bahari yanaingizwa katika mabwawa, jua linayakausha, na kiasi kikubwa cha dizeli kinachomwa katika kuyasukuma. Je, pampu za umeme wa jua zingeyasukuma kwa gharama gani, na chuma chake kingestahimili chumvi kwa miaka mingapi? Hilo ni swali la tasnifu, na vipimo vyake anavyo kila siku bila ya kununua hata mtambo mmoja. Mtu wa namna hiyo hashiki mbili. Anashika moja yenye ncha mbili. Aende kwa mwajiri wake na swali hilo limeandikwa kwa urefu wa ukurasa mmoja, aombe siku moja katika juma na idhini ya kutumia takwimu za kiwanda, kabla ya kuomba fedha. Mwajiri akikataa hata siku moja, basi amejibu kuhusu mambo mengi, na kijana ana haki ya kuanza kutafuta kwingine polepole, akiwa bado na mshahara.

Walimu wenzangu nao wana sehemu yao. Mwanafunzi akituuliza jambo hili tusimjibu kwa methali peke yake, wala kwa picha za wahitimu waliovaa majoho. Tumuulize anafanya kazi gani hasa kuanzia asubuhi hadi jioni, ni kitu gani hukwama huko, na ni nani analipa kinapokwama. Wengi hawajaulizwa hivyo tangu waondoke chuoni.

Tena mfereji umeanza kuchimbwa, japo kwa kuchelewa. Tarehe 11 Mei 2018 setilaiti ndogo ya kwanza ya Kenya, iliyoundwa na Chuo Kikuu cha Nairobi kwa kushirikiana na chuo kile kile cha Roma alichosomea Broglio, iliachiliwa angani kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga. Tarehe 15 Aprili 2023 ilifuata Taifa-1, ambayo ilirushwa kutoka California, ilhali majukwaa ya Ngomeni yamesimama baharini bila ya roketi. Antena za nchi kavu pale Ngomeni zimebaki zikifuatilia setilaiti za wengine. Na mkataba mpya kati ya Kenya na Italia, uliotiwa saini mwaka 2016 mjini Trento, una kifungu cha elimu na mafunzo kwa Wakenya. Shirika la Anga la Kenya ndilo linalosimamia mambo hayo kwa upande wetu, na mhandisi wa Kilifi mwenye swali lake mkononi anaweza kuliandikia barua wiki hii, kabla hajalipa ada ya maombi popote.